Flashi ndogo, LED au taa ya studio: ununue ipi kwanza, na kamera gani iandamane nayo

Mtu anayepiga picha kwa mapenzi, asiyeishi kwa kazi hiyo, huwa na fungu moja la fedha na matamanio mengi. Kwa kawaida fungu lote huishia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, halafu miezi inapita akipiga picha zilezile za giza sebuleni na nyuso zilezile zenye vivuli vya jua. Mimi nashauri mpangilio mwingine: amua kwanza mwanga utakaotumia, kisha lenzi, na bodi ije mwisho, ichaguliwe kwa kuwa inaelewana na mwanga huo. Kamera ya 2014 yenye taa nzuri ubavuni humtendea haki mtu kuliko kamera ya mwaka huu inayotegemea balbu ya dari.

Nimechukulia kwamba unapiga watu zaidi kuliko ndege na milima: familia, marafiki, watoto wa jirani, harusi ulizoalikwa, labda na biashara ndogo ya dada yako anayeuza vitenge au keki. Ukiwa mtu wa wanyama au mandhari, sehemu kubwa ya ninayoyasema haikuhusu.

Vinavyolinganishwa ni vitatu. Kuna flashi ndogo, ile inayochomekwa juu ya kamera na kula betri nne za AA. Godox TT600 na Yongnuo YN560 ndizo nizionazo zaidi mikononi mwa watu. Kuna LED ya kuwaka muda wote, iwe paneli bapa yenye vijitaa vingi au taa ya kichwa kimoja kama Godox SL60W. Na kuna flashi kubwa, ama ya betri yake yenyewe kama Godox AD200, ama ya studio inayochomekwa ukutani kama SK400. Godox nitawataja mara kwa mara kwa sababu vifaa vyao ni rahisi kuvikuta Kariakoo na Nairobi, na kwa sababu nyingine ya maana zaidi nitakayoieleza nikifika kwenye trigga, kile kifaa cha redio kinachoiamrisha flashi iwake ikiwa mbali na kamera.

Wati na joule si kitu kimoja

Namba iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo inayowapoteza wengi. LED inasema wati 60. Flashi ndogo hubeba takriban joule 60 hadi 76. Mnunuzi akizitazama anadhani nguvu zinakaribiana, na kwa kuwa LED inawaka muda wote na inaumiza macho, anaona ndiyo kali zaidi.

Hesabu inasema vingine. Wati 60 ni joule 60 kwa sekunde nzima, lakini kamera haifungui shata, lile pazia la kuruhusu mwanga, sekunde nzima. Ukipiga kwa kasi ya 1/125 ya sekunde, LED hiyo inakupa chini ya nusu joule. Flashi inamwaga joule zake zote ndani ya kipande kidogo cha sekunde, shata ikiwa wazi. Ni kweli LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi kuliko bomba la flashi, labda mara mbili au tatu, lakini hata ukiipa sifa hiyo, flashi ndogo ya mkononi bado iko mbele kwa makumi ya mara.

Tuione hiyo sebuleni. Watu kumi wamekaa na kusimama kuzunguka kochi, saa mbili usiku, na unataka wote wawe wakali, yaani wazi bila ukungu, kuanzia bibi aliyekaa mbele hadi vijana waliosimama nyuma. Unahitaji tundu la lenzi la f/5.6 hivi (namba ikikua, tundu linabana na vingi zaidi vinatoka wazi), na shata 1/125 kwa sababu watoto hawatulii. Taa lazima isogezwe kama mita tatu ili iwafikie wote. LED ya wati 60 ikiwa ndani ya softboksi, kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga, inaweza kutoa lux 1,000 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaofika) kwa mita moja; kwa mita tatu zinabaki kama 110, kwa maana umbali ukizidi mara tatu mwanga hupungua mara tisa. Kwa lux 110, f/5.6 na 1/125, kamera itadai ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, inayopita 6400. Chembechembe zitajaa kwenye nyuso, na nguo za bibi zitapoteza nakshi.

Badilisha uweke flashi ndogo kwenye mwamvuli mweupe, umbali uleule. Boksi lake linasema namba ya nguvu ni 60, lakini hiyo ni pale kichwa kinapobana mwanga kufikia lenzi ya milimita 200. Kwenye milimita 50 inashuka hadi karibu 40, na mwamvuli unakula stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo (kila stopu ni nusu); namba hiyo, inayofuata umbali, hupungua nusu tu, ikabaki kama 20. Gawa kwa mita tatu: unapata f/6.7 kwa ISO 100. Picha ileile, watu walewale, ISO 100 upande huu na zaidi ya 6400 upande ule. Kwa bei ya duka, TT600 mara nyingi ni kama nusu ya SL60W, na stendi na mwamvuli vyote utavihitaji kwa vyovyote.

Kwa picha za kikundi ndani ya nyumba, basi, sioni ushindani.

Saa saba mchana

Jua letu la katikati ya siku husimama juu ya utosi. Paji la uso linang'aa, mashimo ya macho yanakuwa meusi, na pua inatupa kivuli hadi mdomoni. Ushauri wa kusubiri jioni ni mzuri, ila sherehe ya ubatizo au mahafali haisubiri.

Jua kali linatoa kama lux 100,000. LED ya wati 60 hata ikiwa na kikombe chake cha kukusanya mwanga, bila softboksi, inatoa elfu chache tu kwa mita moja. Ukiiwasha pembeni ya mtu saa saba mchana, hutaona tofauti yoyote usoni. Paneli ndogo za kubana juu ya kamera ndizo kabisa. Mchana wa nje hazina kazi.

Flashi ndogo inafika, kwa jasho. Kwenye jua hilo, ISO 100 na shata 1/200, kamera itasimama kwenye f/11. Flashi ndani ya mwamvuli kwa nguvu yote italingana na jua ikiwa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa mtu. Bahati njema huhitaji kulingana nalo. Kujaza macho tu, stopu moja chini ya jua inatosha, kwa hiyo nusu ya nguvu kwa umbali huo inafanya kazi. Ukivua mwamvuli na kuelekeza flashi tupu, unapata nafasi zaidi lakini mwanga mgumu. Mchana, ambapo jua lenyewe ni gumu, haichukizi sana.

Ukitaka nyuma kuwe na ukungu mlaini kwa f/2.8 mchana huohuo, utahitaji shata ya haraka sana, 1/3200 hivi, na hapo flashi za kawaida hukata sehemu ya picha. Kamera nyingi za bei ya kati hukubali flashi hadi 1/200 au 1/250 tu. Kupita hapo kuna mfumo wa kasi ya juu ambapo flashi hutoa mapigo mengi mfululizo badala ya mwako mmoja, na gharama yake ni kupoteza stopu mbili au zaidi za nguvu. TT600 inaufanya ikiwa nje ya kamera na kuongozwa na trigga ya Godox. Ila ukishapoteza stopu hizo, flashi ndogo ndani ya mwamvuli haitoshi tena. Hapa ndipo AD200 inapolipa bei yake: joule 200, karibu mara tatu ya flashi ndogo, na betri ya kutosha mwako wa nguvu yote mara 500 hivi kwa chaji moja.

Upepo nao uhesabiwe. Kwa wa Pwani, msimu wa kusi mwamvuli ufukweni unageuka tanga, na stendi isiyo na mfuko wa mchanga mguuni itaanguka na flashi yake. Wakati huo rifleta, yaani kitambaa cha kurudisha mwanga, inayoshikwa na mtu, au flashi tupu mkononi mwa rafiki, ni salama kuliko vifaa vyote vya fahari.

Ukumbini na chini ya turubai

Kwenye sendofu na harusi wengi hupiga flashi juu ya kamera ikitazama dari. Ikiwa dari ni jipsamu nyeupe ya chini, matokeo ni mazuri mno kwa juhudi ndogo. Ikiwa paa ni mabati yasiyo na dari, mwanga unapotelea juu. Ikiwa ni turubai la bluu au la njano uani kwa watu, mwanga unarudi na rangi hiyo usoni mwa bibi harusi, na kuirekebisha baadaye ni mateso, kwani rangi iko usoni tu na si kwenye picha nzima. Tazama juu kabla ya kuwasha. Ukiona rangi, ipeleke flashi kwenye stendi pembeni na uiongoze kwa trigga.

LED ukumbini ina tatizo la kijamii kuliko la kiufundi: mtu wa video tayari ana yake, kali, inayowafanya wageni wafumbe macho, na ya pili inaongeza kero. Flashi inawaka na kuisha. Pia inagandisha mwendo. Ikiwa kwenye robo ya nguvu, mwako wake hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo mama anayecheza na khanga mkononi anatoka mkali hata kama shata yako ni 1/60 na nyuma taa za DJ zinaonekana.

Taa za ukumbi mara nyingi ni za rangi ya joto, ilhali flashi ni nyeupe kama mchana. Kipande cha jeli ya machungwa, yaani plastiki angavu ya rangi hiyo, mbele ya flashi kinaziweka sawa. Ni kitu cha bei ndogo ambacho wauzaji hawakikumbushi, na kwangu kina thamani kuliko mfuko mpya wa kamera.

Ambapo LED inashinda waziwazi

Ikiwa bado unatumia simu, nunua LED. Simu kwa kawaida haiwezi kuamrisha flashi ya nje iwake wakati shata yake imefunguka, na kwa mtu mmoja aliyekaa karibu, LED kwenye softboksi kwa mita moja ni taa nzuri sana. Kwa kamera yenye lenzi ya f/2.8, umbali huo unakupa 1/125 kwa ISO 400 hivi. Hakuna cha kulalamikia hapo.

Video pia, flashi haina la kusema kwenye video.

Na vitu vya mezani. Keki, viatu, shanga, chupa za mafuta ya nazi havipepesi macho wala havichoki. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO 100, f/8, shata nusu sekunde, na LED ya bei nafuu inatosha kabisa. Faida yake kubwa ni kwamba unakiona kivuli kinavyosogea unaposogeza taa. Chukua chupa ya kioo, izungushie taa polepole kutoka mbele kwenda nyuma yake, na utaona mng'ao ukitoka tumboni, ukahamia ukingoni, hatimaye mafuta yenyewe yakawaka kwa ndani. Anayejifunza mwanga anaelewa kwa jioni moja jambo ambalo kwa flashi angelibahatisha picha baada ya picha. Kwa sababu hiyo pekee simlaumu anayeanza na LED.

Unapoinunua, angalia mambo mawili. CRI, kipimo cha usahihi wa rangi, iwe 95 au zaidi, vinginevyo ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hutoka na kijani kisichopendeza. Kisha ipige picha taa yenyewe ikiwa nusu ya mwanga wake kwa shata 1/1000. Ukiona mistari ya giza imekatiza picha, taa inapepesa na itakusumbua. Na ujue kwamba SL60W inachomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kazi imesimama. Paneli zinazokubali betri za aina ya NP-F ni dhaifu zaidi lakini zinakufuata kokote.

Kuna mwanga mwingine usiolipiwa, nao ni dirisha au kibaraza. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga wateja wake kwa mwanga wa mchana sehemu kubwa, uani, kwa kamera ya hasi za sentimita 13 kwa 18, mara nyingi picha moja tu kwa mteja. Katika mji huohuo, Malick Sidibé wa miaka ya 1960 alienda kwenye madansi ya vijana usiku na kamera ndogo na flashi. Kila mmoja alifuata walipo watu wake, na picha za wote wawili zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho hadi leo. Ukipiga mchana tu kibarazani, rifleta ya kukunjwa yenye upande mweupe na wa fedha inaweza kuwa kifaa pekee unachohitaji mwaka mzima.

Kanzu nyeupe, buibui jeusi

Flashi za TTL hupima zenyewe mwanga; za bei ya chini kama TT600 huwekwa kwa mkono. Tofauti ya bei inaweza kuwa karibu mara mbili. Je, inafaa kulipia?

Kipimo cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Akisimama bwana mwenye kanzu nyeupe iliyojaza fremu, kamera inapunguza mwanga ili kanzu iwe kijivu, na uso wake unazama gizani. Akifuata mama mwenye buibui jeusi, kamera inaongeza, na uso unaungua. Wawili hao wamesimama sehemu moja, mwanga uleule, na TTL imekupa nyuso mbili zisizofanana. Kwa flashi ya mkono, ukishapata nguvu sahihi kwa umbali huo, kila atakayesimama hapo anatoka sawa, avae nini asivae nini. Kwa picha zilizotulia, za mkono ndizo bora, na ni nafuu juu. TTL nalipia pale tu umbali unapobadilika kila sekunde, kama kumfuata bibi harusi anapoingia ukumbini.

Ngozi nyeusi inapendeza mno kwa chanzo kikubwa cha mwanga kilicho karibu na pembeni. Ngozi hii huonyesha umbo kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Taa kubwa inachora mng'ao mpana, laini, kwenye shavu na ukingo wa taya. Flashi tupu ya mbele inaacha doa moja jeupe kwenye paji la uso na kuua kila kitu kingine. Kwa hiyo mwamvuli wa sentimita 100 na zaidi, wa bei ya kawaida kabisa, unabadilisha picha kuliko kupanda kutoka taa ya joule 60 hadi ya 200. Usogeze karibu hadi ukaribie kuingia kwenye fremu.

Flashi kubwa, lini?

SK400 na ndugu zake za kuchomeka ukutani hutoa nguvu nyingi kwa fedha kidogo, joule 400, zikiwa na taa ndogo ya kukuonyesha kivuli kitakapoanguka. Zinashikilia softboksi za mdomo wa Bowens, kipimo kilichobuniwa na kampuni ya Uingereza iliyofungwa mwaka 2017 lakini mdomo wake ukaendelea kutumiwa na karibu kila mtengenezaji. Zinafaa chumba maalumu chenye umeme wa uhakika. Kwa mtu anayepiga leo uani, kesho ufukweni, ni mzigo.

AD200 ndiyo nzuri kuliko zote kwa mtu wa kutembea, na bei yake inanunua TT600 nne au tano. Nadhani wengi wafike hapo baadaye, wakishajua kwa hakika kwamba nguvu ndiyo inayowapungukia. Ukiagizia kwa ndugu anayetoka Dubai au Muscat, mwambie betri yake ya lithiamu aichomoe na kuibeba kwenye mkoba wa mkononi. Betri za akiba za aina hiyo haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Sasa ile sababu ya Godox. Flashi zao za mfumo wa X husikiliza redio moja ya 2.4 GHz. Trigga yao lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa chapa ya kamera yako, lakini flashi iliyo kwenye stendi inaitika trigga yao ya chapa yoyote ya kamera. Ukihama kutoka Canon kwenda Sony, unabadilisha trigga tu. Na TT600 uliyoanza nayo inabaki kuwa taa ya pili, ya nyuma au ya nywele, siku utakapopata AD200.

Na bodi?

Bodi inalinganishwa kwa maswali machache, na megapikseli si mojawapo. Zote nitakazotaja zina kati ya 18 na 24 hivi, nyingi kuliko utakavyochapisha.

Swali la kwanza ni kama flashi itawaka juu yake. Canon waliondoa pini ya katikati ya kiatu cha flashi, pale juu inapochomekwa, kwenye bodi kadhaa za bei nafuu, zikiwemo 2000D, 4000D na 250D. Flashi ya pini moja kama TT600 haiwaki hapo. 200D ya mwaka 2017, ambayo ni ya zamani kuliko 250D, haina kasoro hiyo, na kwa mpenda flashi ni chaguo bora kuliko mrithi wake. Canon R50 ya 2023 ni kamera nyepesi nzuri yenye kufuata jicho la mtu kwa ustadi, lakini kiatu chake ni cha aina mpya na kinahitaji adapta ya AD-E1 kwa flashi za kawaida. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujatabasamu.

Swali la pili ni kijitundu cha kuchungulia. Sony ZV-E10 na Nikon Z30 hazina. Zimeundwa kwa ajili ya video, na kwa video ni nzuri. Nje mchana, kwa picha, utakuwa unabahatisha kwenye kioo kilichojaa mng'ao wa jua. Sony a6000 ya 2014 inacho, inapatikana kwa bei ya chini ikiwa imetumika, na inaitaka TT600 ya toleo la Sony, ile yenye herufi S mwishoni.

DSLR, yaani yenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kijitundu, au isiyo na kioo hicho? Kampuni zimeshahama: DSLR mpya za mwisho za Nikon, D780 na D6, zilitoka mwaka 2020. Kwa mwenye bajeti ndogo hiyo ni habari njema, kwa sababu bodi na lenzi za DSLR zinashuka bei huku zikiwa na uzima wake wote. Na kwenye kazi ya flashi zina wepesi mmoja: unachungulia kupitia lenzi, unamwona mtu wako vizuri. Kamera isiyo na kioo inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, na kwa f/8 na 1/200 ndani ya chumba, itakuwa nyeusi tii. Wengi wamedhani kamera imeharibika. Dawa iko kwenye menyu, kuzima onyesho la eksposha. Kwa Sony ni kuzima athari za mipangilio kwenye onyesho. Ukishaijua, faida ya kufuata jicho ni kubwa, hasa kwa watoto wanaokimbia.

Kwa upande wa Nikon, D5600 ni nyepesi na yenye skrini ya kugeuka, ila haina mota ya lenzi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF kama 50mm f/1.8D hazitajilenga zenyewe. Tafuta zenye herufi AF-S. D7200 ya 2015 ina mota hiyo, ina nafasi mbili za kadi na inakubali flashi hadi 1/250. Ni nzito. Ningeichukua hata hivyo.

Kuhusu fremu kamili, yaani kamera zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa zaidi, kama Canon 6D au Nikon D750 zilizotumika: faida yake kuu kwa mpiga watu ni stopu moja na kidogo ya usafi kwenye ISO za juu. Flashi ya bei ya chini ilikupa stopu sita kule sebuleni. Lenzi vilevile inakuja kabla. Canon 50mm f/1.8 STM ina uzito wa gramu 160 tu na inatoa picha za uso za kuvutia, japo kwenye sensa ndogo inabana. Kwa vyumba vyetu, 35mm f/1.8 ya Nikon au 24mm f/2.8 ya Canon hukupa nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga kabati.

Nikikaa na fungu lako mezani

Kwa fungu dogo, ningechukua 200D au D5600 iliyotumika, lenzi moja kati ya hizo tatu, TT600, trigga, stendi, mwamvuli mweupe, na betri nane za AA za kuchaji zenye ubora, kama Eneloop, nne kazini na nne mfukoni. Betri za kutupa huanza vizuri, kisha flashi inachukua sekunde nyingi kujijaza na nyuso zinachoka kungoja. Kwa fungu la kati, D7200 au bodi isiyo na kioo yenye kijitundu, na TT600 ya pili. AD200 iwe ya mwaka utakaofuata. Mwenye biashara ya vitu vya mezani au mwenye moyo wa video aache flashi na aanze na SL60W na softboksi moja.

Ukinunua vilivyotumika, nenda na flashi na betri zako mwenyewe. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niichomeke juu yake tupige moja," na usikubali jibu lingine. Kwa Nikon, idadi ya mara shata ilizofyatuka husomeka ndani ya faili la picha. Bodi za daraja la D5600 hukadiriwa kufikia 100,000, D7200 150,000. Lenzi iinue, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, na uchungulie kwa mbele kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi nyeupe zilizotandaa kutoka ukingoni ni kuvu, ambayo unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja huilea vizuri. Lenzi hiyo iache hata kwa bei ya kutupa, na ukishapata nzima, ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika. Flashi ifungue mlango wa betri utazame kama kuna kutu ya kijani, kisha iwashe kwa nguvu yote mara kumi mfululizo ukisikiliza inavyojijaza. Ikianza kuruka mwako wa saba au wa nane, tafuta nyingine. Betri ya lithiamu iliyovimba, hata kidogo, usiiguse tena.